Mjomba Mwadini na Gitaa la Hawaii

Yeoville, Johannesburg
14 Februari 2016

Mjomba wangu, shikamoo,

Natumaini barua hii itakukuta umeshika kikombe cha kahawa na mguu umepungua kuvimba. Sisi huku hatujambo. Bwana wangu Nassir wamemhamishia Midrand, analinda ofisi za watu wenye magari yasiyo na mlio. Anatoka alfajiri, anarudi amechoka hata kula anakula amefumba macho. Cherehani zangu mbili zinakwenda. Wateja wengi ni Wakongo, na Mkongo, Mjomba, ukimkosea mshono wa bega atakurudishia nguo mara nne, na kila mara atakuita "mama" kwa adabu zote. Nisalimie watu wote hapo nyumbani.

Sasa kaa vizuri. Jana nilikwenda sokoni Newtown kutafuta vifungo. Kuna mzee anauza vitu vya nyumba za marehemu: vijiko, saa, picha za harusi za watu asiowajua. Chini ya meza yake nikaona gitaa. Nikaliinua. Nyuzi ziko juu mno, huwezi kuzibana kwa kidole hata ujikaze namna gani. Mzee akasema, "Eish, sista, hilo bovu, shingo imepinda. Nipe chochote ukaondoke nalo." Mjomba, nusura nipige vigelegele! Si bovu hata kidogo. Ni gitaa la Hawaii, la kulazwa mapajani na kupitishiwa kipande cha chuma juu ya nyuzi. Mistari ya shingoni imechorwa tu, haikuchomoza, vilevile kama lile lako lililokuwa chini ya kitanda. Nimelileta nyumbani nimelikumbatia, watu wote kwenye robot, hizi taa za barabarani, wananitazama.

Jirani yangu wa kibandani ni Placide, kinyozi wa Lubumbashi. Ana kikundi cha watu watano, wanapiga kwenye harusi. Alipoliona aliacha kichwa cha mteja nusu. "Papa yangu alikuwa napiga hii kintu! Gitare ya Hawaii!" Kumbe na Kongo ilipigwa! Baba yake alifariki bila kumfundisha. Sasa Placide anataka kuirudisha ile swing ya Hawaii ya zamani, ya watu kusimama wakacheza, na hana mtu wa gitaa hili. Ameniahidi nikiliweza nafasi ni yangu.

Mjomba, nifundishe. Najua husikii, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Lakini unajua, nieleze kwa maneno. Nilikuomba hivihivi nikiwa na miaka kumi na minne, na yaliyotokea unayajua. Safari hii gitaa ni langu, hakuna wa kulitoa nyumbani nikiwa shule.

Barua inakuja na Burhani, yule wa vipuri, akishusha mzigo Dar atapita Tanga.

Mwanao,
Tabia

*

Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga
9 Aprili 2016

Mwanangu Tabia, marahaba,

Barua yako imefika baada ya wiki nane. Burhani anasema walimkwamisha mpakani. Mimi nasema alikuwa kwa mke mdogo. Mguu haujapungua, ila nimeuzoea. Mvua imeanza na paa la jiko linavuja palepale pa mwaka jana. Mama yako amerudi kufuga kuku, ingawa aliapa hatafuga tena. Yeye ni mzima. Kwenye barua hukumtaja jina, lakini nilimwambia umemsalimia.

Habari ya gitaa tuiache. Nina miaka sabini na saba. Sijakaa na gitaa mapajani tangu harusi ya mama yako, mwaka 1977, na mikono imeshasahau. Halafu unajua mama yako hapendi. Mambo hayo yalikwisha na nyumba ikatulia. Wewe una cherehani, una mume, una mji mgumu unaotaka akili yako yote. Shona, mwanangu.

Burhani ananishauri ninunue simu ya kugusa tuwe tunaandikiana humo. Nimemwambia mtu anayeandika kwa dole gumba hana nafasi ya kufikiri.

Ila huyo mzee wa sokoni ni mjinga. Shingo haikupinda. Kuna kipande cha mfupa huko kichwani kinachoinua nyuzi. Asije fundi yeyote akakikata! Nakuonya.

Mjomba wako,
Mwadini

*

Yeoville
22 Mei 2016

Mjomba, shikamoo,

Pole na paa. Nassir anakusalimu, ameota kitambi Midrand, sijui analinda ofisi au analinda jiko lao. Huku baridi imeanza, vidole asubuhi vinakuwa vigumu mpaka nivipashe moto juu ya pasi.

Mfupa haujaguswa. Lakini, Mjomba, ati mikono imesahau na wakati huohuo unanionya kuhusu mfupa? Haya.

Nimeanza mwenyewe. Placide amezikaza nyuzi kama anavyokumbuka kwa baba yake, ukizipiga wazi, bila kuweka chuma, zote zinaimba pamoja vizuri kabisa. Chuma sina, natumia kichwa cha spana alichonipa Nassir. Nafuata mistari kwa makini, jicho halibanduki, na bado kila sauti inakaa chini kidogo ya pale inapotakiwa. Kidogo tu, lakini inatosha kukera meno. Héritière, mwimbaji wetu, anaziba sikio moja ili aimbe. Placide ni mpole, alivumilia siku mbili, siku ya tatu akaniambia, "Mama Tabia, iko nalia mubaya. Iko kama mutoto mwenye usingizi."

Tarehe 24 Septemba huku ni sikukuu, kila kabila linavaa vazi lake, na kikundi kimealikwa kupiga Newtown mbele ya watu. Placide amesema mwisho wangu ni Agosti. Nikishindwa, atamleta mtu wa kinanda cha umeme. Nataka nafasi hii, Mjomba. Siombi kingine. Tangu nije mji huu miaka saba, kila kitu nimekifanya kwa sababu lazima nikifanye. Hiki peke yake nakitaka.

Na usinitajie mama. Wazee wote wa Ngamiani wanajua ni nani aliyekuachisha muziki. Si wanamwita Mayasa Aliyeizima Hawaii? Na gitaa lako alilitoa yeye. Nilirudi shule nikakuta chini ya kitanda patupu. Nikamuuliza, akanijibu, "Nimelitoa," akaendelea kuchambua mchele kama kitu hakikutokea. Miaka kumi na minane imepita. Zawadi ya Idi nampelekea. Kuzungumza naye siwezi, nikishika simu naiweka tena chini. Kwa hiyo usiniambie hapendi. Huku hayupo.

Nifundishe!

Tabia

*

Ngamiani, Tanga
17 Julai 2016

Mwanangu Tabia, marahaba,

Tumefunga salama na Idi imepita vizuri. Mama yako alichinja jogoo wawili, wa tatu akakimbilia kwa jirani na jirani anasema hajamwona. Kitambi cha Nassir nimefurahi nacho, mwambie mlinzi mnene hapigwi ngumi hovyo.

Kuhusu uliyoyasema ya mama yako, leo sijibu. Kuna jambo nalitafuna.

Lakini hiyo sauti inayokaa chini kidogo imeninyima raha mwezi mzima. Niko kwenye tarawehe, imamu amerukuu, mimi nawaza nyuzi za mtu Johannesburg, Mungu anisamehe. Nikajiuliza, sikio la Tabia ni zima, nyuzi zimekazwa sawa, tatizo nini? Juzi mama yako alikuwa anakata kitambaa cha mtoto wa jirani. Nikautazama mkasi. Amechora kwa chaki, na mkasi unapita nje kidogo ya chaki, anaacha ya kushonea. Nikacheka peke yangu mpaka akaja kunishika paji la uso kama nina homa.

Wewe ni fundi cherehani! Umefundishwa na yeye. Mkono wako hauwezi kuugusa mstari, umezoea kupita kando yake. Sasa sikiliza. Chuma kiweke juu ya mstari wenyewe, kiufunike kabisa. Na usiutazame kwa upande, inamisha kichwa uangalie kutoka juu, maana kwa upande jicho linadanganya. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha, ukikandamiza nyuzi zinagonga mbao. Vidole vinavyobaki nyuma ya chuma vilaze juu ya nyuzi taratibu, vinyamazishe kelele za nyuma.

Hapo utakuwa umepata sauti. Bado hujapata swing.

Wengi wakisikia Hawaii wanafikiri ni kulia tu, chuma kinaburuzwa kutoka huku kwenda kule, watu wanakumbuka wapenzi wao. Hiyo ipo, na ni nzuri kwa watu waliokaa. Lakini swing ni ya watu waliosimama. Besi linatembea hatua nne, gitaa dogo linakata katikati ya hatua, na gitaa la chuma, hilo lako, limechukua kiti cha tarumbeta. Kazi yake ni kujibu. Mwimbaji anasema neno, wewe unamjibu, mfupi, kwa sauti tatu nne kwa pamoja, halafu unazikata kwa kiganja. Akinyamaza ndipo unapanda, unaburuza, unaringa kidogo, unashuka kabla hajakuchoka. Anayeburuza mwanzo hadi mwisho anakuwa kama mgeni asiyeaga. Sisi tulijifunza kwa santuri kwenye klabu ya shamba la mkonge nilikokuwa karani. Tulikuwa wanne, tukajiita Hawaiian Swing ya Ngamiani, na Jumamosi mtu asiyecheza alionekana mgonjwa.

Spana mrudishie mwenyewe. Kwa Burhani kuna kifurushi. Ndani ni chuma changu.

Mjomba wako,
Mwadini

*

Yeoville
21 Agosti 2016

Mjomba, Mjomba, Mjomba! Shikamoo!

Sote wazima, tuko salama, Nassir yuko sawa, umeme upo, haya salamu zimekwisha, nakwenda kwenye jambo lenyewe.

Burhani alifika Alhamisi. Nilisoma barua nimesimama, nikatupa mkasi, nikaweka chuma juu ya mstari. Ile sauti! Ilitoka nzima, safi, mpaka Placide akatoka kibandani na mashine yake ya kunyolea inawaka mkononi. "Ni ile! Ni ile ya papa!" Akasimama hapo anafuta macho kwa kitambaa cha mteja. Héritière alinibeba juu, na mimi si mwepesi. Kinanda cha umeme hakiji tena. Nafasi ni yangu, Mjomba! Nimelala na gitaa upande wa Nassir, yeye amehamia kwenye kochi.

Swing bado inanisumbua. Nikiachiwa naburuza, nabembeleza, Placide ananikata jicho. Lakini nimeanza kujibu kwa ufupi kama ulivyosema, na jana kuna mteja alicheza akiwa amefungwa shuka shingoni, nusu kanyolewa.

Sasa nina swali na usinikwepe. Chuma chako hakina kutu hata doa moja. Kinanukia mafuta ya nazi. Mtu aliyesahau hapaki chuma mafuta miaka thelathini na tisa. Ulikuwa unalipenda jambo hili na bado unalipenda, na ukaacha kwa sababu mdogo wako kasema uache? Wewe? Wewe hukubali hata kuambiwa uvae sweta. Placide naye ameniuliza, "Muzee aliacha juu ya nini?" nikajibu ni mama yangu, na nilipolisema kwa mdomo wangu mbele ya watu niliona aibu, sijui kwa nini.

Uliandika kuna jambo unalitafuna. Limeze au uliteme.

Tabia

*

Ngamiani, Tanga
6 Septemba 2016

Mwanangu Tabia, marahaba,

Burhani anaondoka kesho, na safari hii akipita kwa mke mdogo nitakwenda kumtoa mwenyewe. Paa limezibwa. Kuku wanataga. Kwamba sauti imetoka nimeisoma na nimefurahi kuliko unavyodhani.

Nalitema.

Mama yako hakuniachisha muziki. Hajawahi kusema neno moja juu ya gitaa langu, si zuri si baya. Masikio yangu ndiyo yaliyoniachisha. Mnajua wote kwamba nilipata uziwi uzeeni. Si kweli. Yalianza nikiwa na miaka thelathini na nane, yakaanzia sauti za juu. Nilikuwa nasikia besi, nasikia watu wakizungumza, ila zile nyuzi nyembamba zikawa zinaniondokea kidogo kidogo, na mimi najiambia ni mafua. Sasa gitaa lenu hilo halina pa kubania, hakuna kinachokushika mkono usikosee. Una sikio lako tu.

Siku ya harusi ya mama yako tulipiga uani hapa nyumbani. Nilijiona napiga vizuri kuliko siku zote. Nilipanda kwenye nyuzi za juu, nikaringa, nikatabasamu. Nikainua macho nikaona nyuso za watu. Wengine wanatazama chini. Msichana mmoja ameziba mdomo na kanga anacheka. Gustave, mpiga besi wetu, akanigusa goti akatikisa kichwa. Mwanangu, nilikuwa nimepiga wimbo mzima nje ya sauti, kwenye harusi ya mdogo wangu, na sikujua.

Kesho yake wenzangu walikuja kuniuliza kulikoni. Niliona aibu kusema kweli. Nikawaambia, "Wakwe wa Mayasa hawataki muziki, na Mayasa mwenyewe amenisihi niache." Lilinitoka hivyo. Wakaamini, wakasikitika, wakamchukia. Na jina lile walilompa nililisikia, hilo nilikuwa bado naweza kulisikia. Sikulisahihisha.

Halafu ukaja wewe. Una miaka kumi na minne, umelala sakafuni na gitaa langu, vidole vinakimbia, midomo inaimba, na mimi nakutazama kama nimefungiwa nje ya kioo. Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia mama yako, litoe, mpe mtu yeyote wa mbali, nisilione. Akasema, "Mtoto atalia." Nikamwambia litoe. Akalitoa. Ulilia siku tatu, ukamwambia mama yako maneno ambayo mtoto hamwambii mama, na mimi nilikuwa kibarazani nakunywa kahawa, nikakuacha umchukie. Naona haya hata kuandika. Nisamehe, Tabia. Nilikuwa mwoga.

Nilipofika hapa nilimpa mama yako barua aisome kabla sijaifunga. Alikwenda nayo jikoni. Aliporudi alichukua lile daftari analoniandikia, akaandika: "Najua yote. Nilikuwa dirishani siku ile, nimevaa za harusi. Nilisikia ulivyotoka nje ya sauti na niliwaona wanavyocheka." Nikamuuliza, sasa kwa nini ulinyamaza miaka yote hii? Akaandika: "Mimi nilikuwa na mume na nyumba. Wewe ulikuwa na gitaa tu. Wangekucheka ungebaki na nini?"

Nikamwambia, na Tabia je? Alifunga daftari, akaenda kuwapa kuku maji.

Mjomba wako,
Mwadini

*

Yeoville
2 Oktoba 2016

Mjomba, shikamoo,

Huku jua limerudi, miti ya maua ya zambarau imeanza kuchanua barabarani. Nassir mzima. Barua yako ilifika siku mbili kabla ya sikukuu. Nilianza kuisoma mteja ameketi anasubiri suruali, nikaendelea kuisoma, mteja akaondoka bila suruali wala sikumwona.

Nilikukasirikia. Sikufichi. Nilikukasirikia siku nzima, nikapasua barua yako vipande viwili, kisha nikaibandika kwa gundi. Hasira ilipoisha nikabaki na mama, na yeye anachambua mchele. Nilijaribu kukumbuka uso wake siku ile. Nikakumbuka hakuinua kichwa. Miaka yote nimesema hakuinua kichwa kwa sababu hajali.

Tulipiga Newtown. Watu walikuwa wengi, Wazulu na shanga zao, Wavenda na vitambaa vyao vya mistari, sisi na mashati ya maua niliyoshona mwenyewe. Wimbo wa kwanza nilipanda nje ya sauti, nje kabisa, mpaka Héritière akageuka. Niliziona nyuso za watu, Mjomba. Nilijua sasa uliona nini. Nikakisukuma chuma taratibu mpaka kikafika mahali pake, nikakitingisha hapo kama ndivyo nilivyokusudia, na Placide akapiga kelele, "Ehe!" Baada ya hapo watu walisimama. Kuna bibi mmoja wa Soweto alicheza mpaka akavua viatu.

Lakini hilo si ninalotaka kukuambia. Jumapili nilimpigia mama. Akapokea, "Haloo, nani?" Nikasema, mimi. Akauliza, "Umekula?"

Nilishindwa. Nililia mpaka Nassir akatoka bafuni na sabuni kichwani. Nikasema, "Mama, shikamoo. Nisamehe." Akasema, "Marahaba. Nyamaza basi, simu haikununuliwa ya kulilia. Liko wapi hilo gitaa? Lipige nisikie."

Nikaiweka simu mezani nikapiga wimbo mzima, mguu ukikanyaga hatua nne za besi sakafuni. Nilipomaliza, kimya. Niliita, "Mama? Mama?" Hakuna jibu, kisha ikakata. Nikasema basi, amechukia, nimeurudisha mzigo ule ndani ya nyumba yake. Kesho yake ndipo nilipompata. Alikuwa anacheka cheka tu, hataki kusema. Kasema, "Tulisikia. Mjomba wako atakuandikia."

Tulisikia? Yeye na nani?

Mwanao,
Tabia

*

Ngamiani, Tanga
6 Novemba 2016

Mwanangu Tabia, marahaba,

Sisi wazima. Barua kuipasua ulikuwa na haki, na kuibandika nashukuru. Ijumaa nilikwenda kwa Gustave, mguu na uvimbe wake, nikamweleza ukweli wa mwaka 1977. Alinisikiliza, halafu akaniandikia kwenye kiganja kwa kidole: TULIJUA. Wazee wale wote walijua, wakajifanya kuniamini ili nisiaibike! Tumeishi humu miaka thelathini na tisa kila mtu anamfichia mwenziwe. Ila jina la mama yako hawakuwa na haki nalo, na Jumamosi walikuja wawili kumwomba radhi. Aliwapikia, na akawasema mpaka wali ukapoa.

Unauliza nani alisikia. Jumapili ile nilikuwa kibarazani. Nikamwona mama yako anatoka ndani mbio, simu sikioni, kanga imemwanguka na hajali. Akaketi kando yangu, akauvuta mkono wangu, akaulaza juu ya paja lake. Nikajua ni msiba. Nikawa naangalia mdomo wake atamtaja nani.

Akaanza kupitisha kidole juu ya mkono wangu, toka kifundoni kwenda kwenye kiwiko. Kikapanda. Kikasimama, kikatetemeka kidogo, kikashuka. Mara akakiinua ghafla. Na mguu wake ukawa unaugonga wangu, hatua nne, hatua nne. Nilichukua muda kuelewa, mimi mjinga. Kisha nikaelewa ni wewe. Unajibu, unakata, unanyamaza, unapanda. Nilikuwa naiona swing yako juu ya ngozi yangu, na mdogo wangu Mayasa, aliyekuwa dirishani na nguo za harusi, ndiye anayeniletea. Nililia waziwazi, wapita njia wakanipa pole. Mama yako naye alilia, akaibana simu na shavu, ndiyo maana ikakata. Hakuchukia. Alikuwa hawezi kusema.

Lakini sikiliza. Ubeti wa pili, pale unapopanda kurudi kwenye sauti ya mwanzo, kidole cha mama yako kilisita. Nikamwambia, amechelewa. Akaandika kwenye daftari, "Mwache mtoto." Nikamwambia simwachi. Tabia, chuma unakiondoa baada ya besi kukanyaga. Kiondoe kabla, kifike pamoja nalo. Jumapili piga simu baada ya alasiri, mama yako ameshatoa viti viwili nje. Uanzie ubeti wa pili.

Mjomba wako,
Mwadini